Mgonjwa wa uboho akilalamika tumbo: ni dawa, ni maambukizi, au ni uboho wenyewe?

#1 Msafiri_wa_Usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Kaka yangu ana aplastiki anemia, yaani uboho wake umeacha kutengeneza damu ya kutosha. Tangu agundulike, nyumba nzima tumekariri himoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani. Tumbo hakuna aliyetutajia. Sasa tumbo ndilo linalomtesa kuliko yote: mdomo umejaa vidonda, kumeza kunauma, mara anaharisha, mara hapati choo kabisa, na kuna siku choo kimetoka cheusi.

Tukiuliza, mmoja anasema ni dawa, mwingine bakteria, mwingine chembe sahani zimeshuka. Mimi nasema hivi: haya si magonjwa matatu, ni ugonjwa uleule wa uboho unaojitokeza tumboni. Nipingeni kwa hoja. Wauguzi, madaktari, wagonjwa wenyewe na mliouguza, tiririkeni.

#2 BintiMaua

Pole sana mkuu. Kabla ya hoja zote: choo cheusi kwa mtu mwenye chembe sahani chache hakisubiri majibu ya jukwaani. Apelekwe leo hii.

Halafu nijibu, anameza vidonge vya madini ya chuma? Hivyo navyo hugeuza choo kikawa cheusi bila tone la damu. Ila cheusi cha damu hunata kama lami na harufu yake ni kali, ukishaisikia huisahau.

#3 Kidokezi

Nimekaa. Uzi huu nauhitaji.

#4 NesiZamu

Nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya damu muda mrefu, naomba niweke msingi kwanza ndipo tubishane vizuri.

Ngozi ya ndani ya utumbo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Ni sehemu ya mwili inayojijenga haraka sana, karibu sawa na uboho wenyewe. Kwa hiyo kitu chochote kinachopiga seli zinazogawanyika kwa kasi, kama kemo (dawa za kuua seli za saratani) au mionzi, hupiga uboho na utumbo kwa pamoja.

Pili, utumbo umejaa bakteria. Wewe na mimi hawatudhuru kwa sababu ukuta uko imara na nyuma yake kuna nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zinazosubiri. Nyutrofili haikai sana kwenye damu, ni saa chache hadi siku moja hivi, kisha inahitajika nyingine kutoka ubohoni. Uboho ukikauka, akiba inaisha upesi mno. Mchubuko mdogo tu wa utumbo unatosha bakteria kupita na kuingia kwenye damu.

Tatu, chembe sahani ndizo zinazoziba mivujo midogo isiyoonekana. Kawaida mtu ana 150,000 na zaidi kwa kila maikrolita. Zikishuka chini ya 10,000 damu inaweza kuvuja hata pasipo kidonda.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi na ambalo ndugu wengi hawaelezwi. Usaha, uvimbe, wekundu, hata ule ugumu wa tumbo daktari anapobonyeza, vyote vinategemea chembe nyeupe. Mgonjwa asiye nazo anaweza kuwa na utumbo uliotoboka na tumbo likabaki laini. Homa ya 38 peke yake ni dharura kwake. Msimpime joto kwa njia ya haja kubwa, msimpe enema, msimwekee dawa ya kupachika huko. Mchubuko wa pale unaweza kumuua.

#5 Mzee_Kifimbo

Nesi, nakuheshimu, lakini mnazunguka mbuyu. Ni dawa.

Mke wangu aliugua leukemia, saratani ya damu. Kabla ya matibabu alikuwa anakula vizuri tu. Wameanza kemo, mdomo ukachubuka wote hadi maji yakawa yanamchoma. Halafu kuna sindano moja, vinkristini, ilimfunga choo mpaka tumbo likavimba, utumbo ukalala, gesi haitoki. Wakamwekea mpira wa puani hadi tumboni ili kupunguza shinikizo. Tukaambiwa eti ni hali ya ugonjwa. Baadaye ndipo mfamasia mmoja alipogundua kwamba alikuwa pia anapewa dawa ya fangasi iliyoongeza nguvu ya ile sindano. Wamesimamisha ile ya fangasi, taratibu utumbo ukaamka.

Msafiri, mwombe daktari akuorodheshee dawa zote. Jibu limo humo.

#6 Mfamasia_Huru

Mzee wangu, hilo la vinkristini na dawa za fangasi ni kweli tupu, na watu walijue. Itrakonazoli, vorikonazoli na posakonazoli huzuia ini kuiondoa vinkristini mwilini, basi inabaki nyingi na kuumiza mishipa ya fahamu, pamoja na ile inayoendesha utumbo. Choo kufunga kwa mgonjwa wa vinkristini kusichukuliwe kuwa jambo dogo, alainishiwe choo mapema.

Ila vidonda vya mdomo vya mama huenda havikutokana na sindano hiyo. Wanaochubua mdomo zaidi ni methotreksati, saitarabini, antrasaiklini na melfalani. Kwa melfalani kuna mbinu nyepesi inayofanya kazi: mgonjwa anamumunya vipande vya barafu kabla, wakati na baada ya dawa kuingia. Baridi inabana mishipa ya damu ya mdomoni na dawa kidogo tu inafika pale.

Na #1 anazungumzia aplastiki anemia. Huko vinkristini haitumiki. Kwa kawaida ni ATG na siklosporini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, siku hizi na eltrombopagi ya kuamsha uboho. Siklosporini huvimbisha ufizi na kuleta kichefuchefu. Eltrombopagi inachunguzwa kwa vipimo vya ini. Anayeongezwa damu mara kwa mara huwekwa pia kwenye dawa ya kuondoa chuma, na deferasiroksi ina onyo lake mahususi la vidonda na kutokwa damu tumboni, hasa chembe sahani zikiwa chini. Msafiri, anatumia hiyo?

Na tafadhali: diklofenaki, aibuprofeni na aspirini zitoke nyumbani kwenu kabisa asije akajinywea.

#7 Msafiri_wa_Usiku

Asanteni. Tumempeleka, amelazwa. Vidonge vya chuma hatumii. Siklosporini ndiyo, na ya kuondoa chuma alianza karibuni, nitatazama jina kwenye boksi.

Mzee Kifimbo, kaka alikuwa na vidonda mdomoni kabla hajameza kidonge hata kimoja. Ndivyo tulivyoanza kuhangaika. Hilo unalielezaje?

#8 NesiZamu

Vizuri kwamba hatumii chuma. Wapo ndugu wanaona "damu imepungua" wanakimbilia vidonge vya chuma. Mtu anayeongezewa damu mara nyingi tayari chuma kimemzidi, kila chupa inaleta takriban miligramu 200 na mwili hauna njia ya kuzitoa.

#9 Tumaini_Jipya

Naandika kwa sababu ya yule atakayesoma uzi huu usiku wa manane akiwa na mtoto wodini.

Binti yangu alikuwa na leukemia kali ya mailoidi. Kemo iliisha, tukafurahi, siku kadhaa baadaye chembe nyeupe zikawa karibu sifuri. Akaanza homa, akaharisha majimaji, akashika tumbo upande wa kulia chini. Kila mtu aliyemgusa alisema kidole tumbo. Fomu ya upasuaji ililetwa nisaini.

Daktari wa damu, dada mmoja mtulivu, akasema tusubiri ultrasaundi. Ukuta wa mwanzo wa utumbo mpana ulionekana umevimba, umekuwa mnene kupita kiasi, na kidole tumbo chenyewe hakina shida. Akatueleza kwamba utumbo umeshambuliwa na bakteria wake mwenyewe kwa kukosa walinzi. Hakuna chakula kwa mdomo, dripu, antibiotiki za nguvu, sindano ya kuamsha chembe nyeupe, na daktari wa upasuaji anapita kumwona kila siku bila kisu.

Nilimwona mwanangu akiomba maji na ninakataa. Hakuna adhabu kama hiyo kwa mzazi. Chembe nyeupe zilipoanza kupanda, maumivu yakaondoka karibu kwa mpigo.

Ninachotaka kusema: mgonjwa wa damu akiumwa tumbo, daktari wake wa damu aitwe kabla ya mtu yeyote kushika kisu.

#10 DaktariKijana

Hongera kwa daktari huyo, na pole mama.

Hali hiyo ni uvimbe wa utumbo wa mgonjwa asiye na nyutrofili. Huwapata hasa walio chini ya nyutrofili 500 kwa maikrolita, na hupenda sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana, yaani sikamu. Kwenye ultrasaundi au CT skani, ukuta uliozidi milimita 4 kwa mgonjwa wa aina hii, pamoja na homa na maumivu, hutufanya tuanze tiba palepale. Kamera ya njia ya haja kubwa tunaikwepa, utumbo ule ni rahisi kutoboka.

Niongeze kidogo kwenye #9. Kisu si mwiko. Utumbo ukitoboka, ukioza, au damu ikigoma kusimama hata baada ya kuongezewa chembe sahani, mgonjwa hupasuliwa. Ndiyo maana yule wa upasuaji alikuwa anapita kila siku.

#11 Chembe_Sahani

Mzee Kifimbo umenyamaza, dawa zako zimekimbilia wapi? 😄

#12 Mzee_Kifimbo

Sijanyamaza mwanangu, nilikuwa nasali. Nikuulize wewe: huyo binti wa #9, nani aliyeshusha chembe nyeupe zake hadi sifuri? Si kemo? Basi ni dawa.

Kwa kaka yake Msafiri nakubali kuna kitu kingine. Lakini kwa wagonjwa wengi wa leukemia anayebomoa ukuta ni dawa, bakteria anafuata nyuma.

#13 Kidokezi

Hapo Mzee kapiga penyewe.

#14 DaktariKijana

Kapiga nusu. Leukemia yenyewe huingia kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ufizi. Aina zenye monosaiti (aina ya chembe nyeupe) hujulikana kwa kuvimbisha ufizi, mgonjwa anaanzia kwa daktari wa meno. Na wapo waliopata uvimbe wa utumbo wa #9 siku wanagunduliwa, kabla ya tiba, kwa sababu uboho uliojaa seli za saratani hautoi nyutrofili za maana.

Kuhusu kaka wa #1, vidonda vya mdomo kabla ya dawa vinaendana na nyutrofili kuwa chini. Pia fangasi na virusi vya hapesi hushuka hadi kwenye umio, ndipo kumeza kunapouma. Viwili hivyo vina tiba tofauti, wasikisie kama inawezekana kupima.

#15 MaabaraNdogo

Ngoja niwageuzie meza. Wote mnatembea kutoka ubohoni kwenda tumboni. Mimi nakaa kwenye darubini na nimeona wanaotoka tumboni kwenda ubohoni.

Kuna mzee aliletwa na damu zote tatu zimeshuka: nyekundu, nyeupe, sahani. Jina la MDS, ugonjwa ambao uboho hutengeneza seli mbovu, lilishatajwa na familia imeshaanza kulia. Ukiuliza historia, alishakatwa sehemu kubwa ya tumbo zamani kwa sababu ya kidonda. Shaba kwenye damu yake ilikuwa chini sana. Alipopewa shaba, damu ikarudi. Upungufu wa shaba huweza kuiga MDS kwenye uboho hadi mtaalamu akababaika, na huja pia kwa watu wanaomeza virutubisho vya zinki kwa wingi, maana zinki huzuia shaba isifyonzwe.

Vitamini B12 ni hivyohivyo. Inahitaji kisaidizi kinachotengenezwa na tumbo, kisha inafyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba. Vunja popote kwenye njia hiyo na uboho utavurugika.

Kwa hiyo Msafiri, hoja yako ya #1 inaweza kusimama kichwa chini. Huenda tumbo ndilo lilianza.

#16 DaktariKijana

Uzoefu mzuri sana huu, na B12 na shaba zipimwe kabla ya kumbandika mtu jina la MDS. Lakini kwa kaka wa Msafiri sidhani. Kwenye upungufu wa B12 uboho hujaa seli kubwa zilizokomaa vibaya. Kwenye aplastiki ukichukua kinyama cha uboho unakuta mafuta, seli hazipo. Mtu aliyeangalia kinyama vizuri hachanganyi hivyo viwili.

Njia moja ya kutoka tumboni ipo hata kwa aplastiki: kuna inayofuata homa ya ini, miezi michache baada ya manjano, na mara nyingi virusi vya kawaida vya ini havipatikani kabisa.

#17 MaabaraNdogo

Sijasema kaka yake ana upungufu wa B12. Nimesema swali liulizwe. Na kuna watoto wanaozaliwa na vyote viwili kwa mpigo: ugonjwa wa Shwachman-Diamond, kongosho halitoi vimeng'enya, choo kina mafuta, na nyutrofili chache. Hapo nani kaanza? Jeni moja, SBDS, inaharibu kote. Hao ndio wananifanya nisikubali mshale wa upande mmoja.

#18 Asubuhi_Nyekundu

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja ugonjwa wangu, naona niutaje mwenyewe: PNH, ugonjwa adimu wa damu unaoanzia ubohoni.

Nilipata maumivu ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, na kumeza kukawa kugumu, chakula kinasimama kifuani. Kamera ikapitishwa, safi. Ultrasaundi, safi. Nikaambiwa ni mawazo, nipumzike. Nilipumzika. Maumivu yaliendelea, na mkojo wa asubuhi ukawa mwekundu hadi mweusi. Niliudhika sana, kwa sababu nilikuwa nimeutaja huo mkojo tangu mwanzo na hakuna aliyeuandika.

Daktari aliyenielewa alieleza hivi. Chembe nyekundu zangu hazina kinga ya juu inayozilinda dhidi ya komplementi (protini za kinga ya mwili), zinapasuka ndani ya mishipa. Himoglobini iliyomwagika inafyonza naitriki oksidi, ambayo ndiyo inayolegeza misuli laini. Ikikosekana, umio na utumbo vinajikaza. Ndiyo maana kamera haioni kitu. Hakuna kidonda, ni mkazo.

Na kuna hatari kubwa zaidi: damu kuganda kwenye mishipa ya ini au ya utumbo. Tumbo likijaa maji na ini kuuma ghafla kwa mtu wa PNH, hiyo si gesi. Tangu 2007 kuna dawa, ekulizumabu, inayozuia komplementi. Kwangu mimi ilinirudishia maisha, ingawa inataka uchanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo, na bado lazima uwahi hospitali kwa homa yoyote.

Msafiri, aplastiki na PNH hutembea pamoja. Waulizeni kama kaka alipimwa flo saitometri, kipimo cha damu cha kutafuta seli za PNH.

#19 Chembe_Sahani

Nimejifunza kitu leo. Asante dada.

#20 Asubuhi_Nyekundu

Kaka 😊

#21 Mtoto_wa_Fundi

Na wale wenye damu kuzidi je? Baba ana polisaithemia vera, yenye mabadiliko ya jeni JAK2, yale yaliyogundulika 2005. Yeye shida yake vidonda vya tumbo. Ametibiwa bakteria wa tumboni vikarudi. Daktari mmoja alisema damu nzito haipiti vizuri kwenye ukuta wa tumbo, mwingine akasema ni histamini inayotoka kwenye seli zake nyingi na kuongeza asidi, wa tatu akasema ni aspirini anayopewa damu isigande. Aspirini hawezi kuacha.

Cha ajabu, kabla hajagunduliwa himoglobini ilionekana ya kawaida. Kumbe kidonda kilikuwa kinavuja kimyakimya na kuificha damu iliyozidi. Walipoona chuma kiko chini wakampa vidonge vya chuma, himoglobini ikaruka juu kupita kiasi. Ndipo wakashtuka.

#22 Mfamasia_Huru

Kwa baba, aspirini ndogo pamoja na kinga ya asidi ndiyo njia inayotumika sana, lakini chembe sahani zikizidi milioni moja huwa tunasita na aspirini. Pamoja na wingi wote huo damu yake huweza kuvuja kwa urahisi, kwa sababu protini ya kugandisha inanaswa na hizo chembe.

#23 Ua_la_Jioni

Mume wangu ana mailofaibrosisi, uboho wake unajaa makovu. Kwake ni bandama. Imekuwa kubwa hadi imevuka kitovu, inalibana tumbo, akila kidogo ameshiba. Watu wanadhani anakataa chakula changu. Tangu aanze dawa ya ruksolitinibu imepungua na anamaliza sahani. Wachunguzeni pia presha ya mshipa wa ini, wapo wanaotapika damu kutokana na mishipa ya umio iliyovimba.

#24 Mjukuu_wa_Bibi

Bibi yangu ana mailoma, saratani ya uboho. Tulihangaika na choo kufunga, kichefuchefu, kiu isiyoisha, tukampa kila cha kulainisha. Kumbe kalsiamu ya mifupa imemwagika kwenye damu. Amewekewa dripu na dawa ya kushusha kalsiamu, choo kikafunguka bila kidonge chochote cha choo. Sasa hapo mtasema ni nini? Dawa? Maambukizi? Mbona ni mfupa wenyewe.

#25 Msafiri_wa_Usiku

#24 umenipa nguvu! Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Taarifa: chembe sahani zake zilikuwa chini mno, kamera imeahirishwa hadi apandishwe. Ameongezewa. Wametaka zifike 50,000 kwa sababu anatokwa damu. Dawa ya kuondoa chuma ni hiyohiyo deferasiroksi, wameisimamisha. Choo kimeanza kurudi rangi. Ila siku hiyohiyo walimwanzishia na dawa ya asidi na antibiotiki, kwa hiyo hata hatujui kipi kimesaidia.

#26 Mzee_Kifimbo

Wamesimamisha dawa, choo kimerudi rangi. Nilisema nini?

#27 BintiMaua

Mzee, ameongezewa chembe sahani siku hiyohiyo. Soma tena #25.

#28 Pandikizi

Mimi nilipandikizwa uboho wa dada yangu. Tumbo langu lina historia ndefu, nitafupisha.

Baada ya seli za dada kushika, ngozi ikaanza kuwasha viganjani, kisha nikaharisha maji ya kijani kwa lita. Si kuharisha unakokujua. Wanapima kwa chombo na kukiandika, maana wingi wake ndio unaoonyesha ukali. Hiyo ni GVHD: kinga ya mtoaji inauona mwili wako kuwa mgeni na inashambulia ngozi, utumbo na ini. Ile kali mara nyingi huja ndani ya siku 100 za mwanzo.

Lakini kilichonitesa ni kutojua. Kuharisha baada ya kupandikizwa kunaweza kuwa GVHD, virusi vya CMV, bakteria Clostridioides difficile baada ya antibiotiki, au dawa ya maikofenoleti ambayo huharisha kwa namna inayofanana na GVHD hata kwenye kinyama. Na tiba zinapingana! GVHD inataka steroidi, dawa za kutuliza kinga, na steroidi zinailea CMV. Ukikosea unamwagia moto mafuta.

Kipimo cha damu cha CMV kilisema haipo. Wakapitisha kamera, wakachukua kinyama cha utumbo, CMV ikaonekana ndani ya ukuta, na GVHD ipo pia. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nyie mnaobishana ni kipi, kwangu mimi jibu lilikuwa "na".

#29 DaktariKijana

#28 asante kwa kuandika hili. CMV ya utumbo kujificha kwenye kipimo cha damu ni jambo linalotokea kweli, kinyama ndicho kinachoamua. Na steroidi zikishindwa kwa GVHD kali, ruksolitinibu hutumika, Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo 2019.

#30 NesiZamu

Kwa kuwa C. difficile imetajwa: ile jeli ya mikono yenye spiriti haiui mbegu zake. Sabuni na maji tiririka, kwa muuguzi na kwa ndugu. Nasema kila siku wodini, nasema na hapa.

#31 MaabaraNdogo

Na kabla ya steroidi, choo kitazamwe minyoo aina ya strongiloidi. Mtu hukaa nayo miaka mingi bila dalili, ukimpa steroidi inazaliana ndani kwa ndani, inatoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu. Choo kimoja kisicho na kitu hakitoshi, hujificha. Aivamektini, dawa ya minyoo hiyo, ni bei ya kawaida ya tahadhari ukilinganisha na kinachofuata.

#32 Ua_la_Jioni

Chakula je? Tuliambiwa mgonjwa wa chembe nyeupe chache asile tunda wala mboga mbichi kabisa. Mume wangu alichukia kula.

#33 NesiZamu

Majaribio zaidi ya moja yaliyolinganisha hayakuonyesha kwamba kukataza kila kibichi kunapunguza maambukizi. Ninachosisitiza ni usafi: osha vizuri, menya, pika nyama na mayai yaive, maziwa yawe yamechemshwa, kiporo kisikae nje. Fuata utaratibu wa wodi yenu, lakini mgonjwa asiyekula kwa kuogopa tunda naye anadhoofika.

#34 Pandikizi

Sikubaliani sana. Wodini kwetu marufuku ilikuwa kali na nilitulia nayo, nilijisikia salama. Kila mtu na hali yake.

#35 Msafiri_wa_Usiku

Kamera imepita. Umio una fangasi, tumboni kuna mikwaruzo inayovuja kidogo, hakuna kidonda kikubwa. Flo saitometri imeonyesha kundi dogo la seli za PNH, wanasema kwa sasa ni la kufuatilia. B12 kawaida, shaba bado majibu.

Wa damu anasema kiini ni uboho. Wa tumbo anasema kiini ni deferasiroksi. Wa maambukizi anasema tutibu fangasi halafu tuzungumze. Kaka mwenyewe anauliza lini atakula.

Swali jipya: jirani ameleta vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo, eti vinarudisha afya ya utumbo baada ya antibiotiki. Tumpe?

#36 Mfamasia_Huru

Hapana, si sasa. Ana mpira kwenye mshipa mkubwa? Kuna wagonjwa wenye kinga ya chini ambao bakteria au hamira za vidonge hivyo ziliingia kwenye damu. Hata kufungua kopo karibu na mpira huo tunakataza.

#37 Mzee_Kifimbo

Lakini antibiotiki zimeua wale wema, mfamasia. Kuna tafiti za waliopandikizwa uboho zilizoonyesha kwamba anayepoteza aina nyingi za bakteria wa utumbo ana hatari kubwa zaidi ya kufa. Asirudishiwe?

#38 DaktariKijana

Tafiti hizo zipo, Mzee, na ni nzito. Zinatuambia tusitumie antibiotiki ovyo. Bado hazituambii kwamba kidonge cha jirani kinarudisha kilichopotea. Wengine wanajaribu kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya, chini ya uangalizi mkali, na hapo napo maambukizi yamewahi kupita.

#39 Mzee_Kifimbo

Kwa hiyo tumeharibu na hatujui kutengeneza.

#40 Pandikizi

Mimi nilirudi kula kawaida bila vidonge hivyo, ila ilichukua muda mrefu. Msafiri, majibu ya shaba yakitoka yaandike hapa, MaabaraNdogo ananiudhi kwa ubishi wake lakini nataka kujua.

#41 MaabaraNdogo

Na waulize walichukua sampuli kwenye kichupa gani. Shaba hupimwa kwenye kichupa maalumu cha madini, ukitumia cha kawaida unaweza kupata namba ya uongo.